Mstari Mpaka Jikoni

Dukani Majengo, hapa Sumbawanga, ninapouza kalamu na kutoa fotokopi, kuna harufu moja ambayo mpaka leo inanishinda. Ya karatasi zikitoka za moto kwenye mashine nimeshaizoea. Hii ni ya markapeni inapofunguliwa kifuniko kwa mara ya kwanza. Juzi alikuja mwalimu mmoja kuchagua, akafungua nyekundu aijaribu kwenye kipande cha boksi, na ile harufu ya kuchoma pua kama spiriti, lakini yenye utamu fulani ndani yake, ikanifuata mpaka nilipokaa. Nikasikia kwa mbali, "Dada, mbona nakuuliza hujibu?" Masikini, hakujua. Mimi sikuwa dukani. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye saruji ya kina Atu, mtoto wa darasa la tatu mwenye kamasi, natazama kitu kidogo cha mviringo kikipita mbele ya pua yangu kikisema ziii.

Nyumba ya kina Atu ilikuwa jirani na yetu kule Mazwi. Kati ya ua wao na wetu hapakuwa na wigo, palikuwa na uwazi tu wenye nyasi, rundo la kuni na mfereji mdogo wa maji ya mvua. Atu alikuwa rika langu. Wazazi wake walitoka Mbeya, baba yake mtumishi wa serikali, mama yake mwenye kicheko kinachoweza kumwamsha kuku aliyeatamia. Sakafu yao ilikuwa ya saruji, na yetu ya udongo, na bila udongo ule leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kile kitu kilikuwa roboti. Shangazi yake Atu alikileta kutoka Dar es Salaam, kimefungwa kwenye boksi pamoja na markapeni nne: nyeusi, nyekundu, bluu na kijani. Kilikuwa kidogo kama ndimu iliyokatwa nusu, hakina miguu wala mikono, chini kina vigurudumu ambavyo lazima uinamishe shingo ndipo uvione. Ukichora mstari mnene mweusi kwenye karatasi na kukiweka juu yake, kinaufuata. Mstari ukipinda, nacho kinapinda. Ukikatiza ule weusi kwa vidoti vya rangi, kinatii: rangi hizi zikifuatana kinakimbia, zile zikifuatana kinasimama kidogo kama kinakumbuka jambo, nyingine kinazunguka palepale kama mtu aliyesikia ngoma. Tulikiita Kidudu. Umeme ukikatika, Kidudu alilala, nasi tulikaa tukimsubiri kama watu wanaouguza.

"Macho yake yako wapi?" nilimuuliza Atu siku ya kwanza.

"Hana macho. Anaonea tumboni."

"Acha uongo."

"Haki ya Mungu. Mpindue."

Nikampindua. Tumboni mwake mlikuwa na vitaa vidogo vinavyomulika chini. Nakumbuka nilihisi ubaridi mtamu mgongoni. Kumbe mtu anaweza kukosa macho na bado akafika. Kumbe kinachotakiwa ni mstari tu, uwe mnene, na mtu wa kuuchora.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelewa jambo hilo. Mnajua upepo wa kwetu wa kipupwe, unavyokuja juu ya uwanda bila kukuta kitu cha kuuzuia, unainamisha majani yote upande mmoja? Niliona kama na upepo una mstari wake. Niliona bodaboda zikifuata mistari, ng'ombe wakifuata mistari, waumini wakitoka misa ya asubuhi wakifuata mistari mpaka majumbani. Nikaona mstari mmoja mweusi ukitoka mlangoni petu, unavuka mashamba ya ulezi, unapita kijiji cha Kaengesa, unashuka mpaka ziwani ambako baba alikuwa akinunua samaki na kurudi kwetu mara chache sana. Na palipo na kidoti chekundu, baba anasimama, anakumbuka.

Lakini hasa nilimfikiria Bibi.

Bibi alikuwa mama yake baba, na alikuwa akiishi na sisi wawili, mimi na mama. Macho yake yalikuwa na ukungu. Wakubwa walisema hivyo, "macho ya Bibi yana ukungu," nami niliwaelewa kwa namna yangu. Asubuhi za baridi, ukungu wa Sumbawanga huingia hadi uani, unakaa juu ya ndoo, unalowanisha kamba ya nguo. Niliamini kwamba asubuhi moja Bibi alitoka mapema mno, ukungu ukaingia ndani ya macho yake ukakosa pa kutokea. Daktari alikuwa ameshasema hayatibiki tena. Mimi nilidhani daktari yule hakujua ukungu wa kwetu.

Mama alikuwa na meza ya dagaa na maharage sokoni, anaondoka jua likichomoza. Mimi nilikwenda shule. Bibi alibaki peke yake. Na siku moja alijaribu kutoka chumbani kwenda jikoni, akakosa ngazi, akaangukia karibu na mafiga. Mkono wake ukaungua, sio sana, lakini kilio cha mama alipomkuta kilikuwa kikubwa kuliko cha Bibi mwenyewe. Habari zikafika Kaengesa kwa Baba Mkubwa, kaka yake baba. Akapiga simu. Nilimsikia mama akijibu uani, amegeukia ukutani:

"Ndiyo, shemeji. Ndiyo. Hata mimi naona hivyo. Jumapili? Haya, shemeji."

Alipokata simu alinikuta nimesimama.

"Baba yako mkubwa anakuja Jumapili kumchukua Bibi," akasema. "Kule kuna watu nyumbani mchana kutwa. Usianze kulia, Sesi. Hata mimi sipendi."

Sikulia. Nilikuwa na mawazo. Nilikwenda kwa Atu kuazima markapeni.

Markapeni ikakataa udongo. Nilipoikokota sakafuni ncha yake ilijaa vumbi, ikachora kitu kama njia ya konokono, na Atu akanipokonya. "Utaiua! Wee mtoto vipi?" Basi nikachukua mkaa jikoni. Mkaa ulikubali. Nilichora mstari mnene kutoka kitandani kwa Bibi, ukapita sebuleni karibu na ukuta, ukafika mlango wa nyuma penye ngazi, ukashuka mpaka jikoni, ukaishia kwenye kigoda chake. Kwa zile rangi nilichana kalenda ya zamani, nikamwomba Atu anipakie vipande kwa markapeni: vyekundu vya kusimama, bluu vya kupinda, kijani vya "hapa umefika." Nikavibandika kwa ugali. Kuku wetu wakala ugali wa vile vya kijani siku ileile, na karatasi pia, nikalazimika kuvibandika upya kila nikitoka shule.

"Bibi yako haoni, sasa atafuataje?" Atu aliuliza.

"Na Kidudu anaona?"

Akafikiri. "Kidudu ana betri."

"Bibi ana nyayo."

Maana nilishaamua kwamba Bibi anaonea kwenye nyayo. Zilikuwa nene, zenye mipasuko, na zilikuwa zimelima uwanda mzima huu tangu hajaolewa. Nyayo kama zile haziwezi kushindwa na mstari wa mkaa.

Nikamwendea Bibi chumbani. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimia wakubwa kwetu, kwa sababu lilikuwa jambo la heshima, halikuwa mchezo. "Shikamoo Bibi. Nimekuchorea njia. Simama, fuata mstari."

"Mstari?"

"Eeh. Uko chini ya miguu yako sasa hivi. Mimi natangulia."

Nikatangulia kinyumenyume, namtazama usoni, huku nikitoa mdomoni ile sauti ya Kidudu, ziii, ili mambo yakamilike. Kwenye vyekundu nikanyamaza. Na Bibi, jamani, Bibi akaja! Mkono mmoja ukutani, uso ameuinua juu kidogo kama mtu anayenusa mvua, akafuata. Nilipofika kwenye kipande chekundu cha ngazi nikanyamaza, naye akasimama. Akapapasa kwa mguu, akashuka. Akapinda penye bluu. Akakaa kwenye kigoda chake.

"Umefika!" nikapiga kelele.

"Nimefika," akasema, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Wiki ile ilikuwa wiki ya furaha kuliko zote. Kila alasiri tulikwenda na kurudi, mimi mbele na ziii yangu, yeye nyuma. Sikumwambia mama, naye aliuona mstari akadhani ni mchezo wangu na Atu; nilitaka aone Jumapili, siku ambayo Baba Mkubwa angefika na kukuta hakuna wa kuchukuliwa. Darasani nilikaa nikitazama dirishani, nikiona Bibi anatembea Sumbawanga nzima juu ya mkaa wangu, anapita Majengo kati ya pikipiki, watu wanampisha. Mwalimu aliniita mara nyingi. Sijui alifundisha nini.

Kisha ikaja Jumamosi.

Wasichana wa nyumba za udongo mnajua Jumamosi. Ni siku ya kusiliba. Mama alikuwa fundi wa sakafu. Alichukua udongo wa kichuguu, akachanganya na samadi ya ng'ombe na majivu kidogo, akapiga magoti na kuanza kupaka kwa kiganja, anarudi nyuma, anarudi nyuma, na nyuma yake sakafu inabaki inang'aa kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta. Na kwa kuwa mgeni alikuwa anakuja, siku hiyo alisiliba kwa bidii zaidi. Niliporudi kisimani na ndoo kichwani, nikasikia ile harufu ya udongo mbichi tangu uani, na moyo wangu ukajua kabla ya macho.

Mstari haukuwepo. Vipande vyangu vya kalenda vilikuwa kwenye ungo wa takataka, vimekunjwa.

Mama alikuwa nje akinawa mikono. Mimi nikapita pembeni mwa ukuta, ambako udongo ulishakauka kidogo, nikaenda kwa Bibi kumpa habari za msiba. Lakini mdomo ulinishinda. Nikasema tu, "Bibi, twende jikoni," kwa sauti iliyojaa machozi, nikatangulia kama kawaida yetu, na kwa mazoea nikaanza ziii, ziii ya huzuni. Nikanyamaza penye ngazi kwa sababu nilikuwa nafuta machozi.

Bibi akasimama. Akapapasa. Akashuka. Akafika kigodani akakaa.

Nikamtazama. Nikatazama nyuma kwenye sakafu, safi kabisa, ina nyayo zetu mbichi tu.

"Bibi, mstari umefutwa."

"Mstari upi, mama?"

"Ule. Wa kila siku. Mama ameusiliba."

Nadhani ndipo alipoelewa kwamba kwangu halikuwa jambo la mchezo. Akanyoosha mkono akanitafuta, akanikamata sikio, akanivuta karibu.

"Sesi, mimi hata mlango siuoni. Nilikuwa nafuata nyuki."

"Nyuki gani?"

"Wewe. Unavuma mbele yangu, nakufuata. Ukinyamaza, nasimama nisije nikakukanyaga."

Nililia, wenzangu. Nililia kilio cha mtu ambaye jumba lake lote la fikra limeanguka siku moja. Maana hata mimi na akili yangu ya darasa la tatu niliona hesabu ilivyokaa: asubuhi niko shule. Asubuhi hakuna nyuki. Kesho Baba Mkubwa anakuja, na Bibi ataondoka. Nikamwambia yote, kwa kwikwi, kuhusu Kidudu asiye na macho, na mkaa, na kalenda iliyoliwa na kuku, na nyayo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alipouliza swali, lilikuwa la ajabu.

"Huyo mdudu wenu, kinachomwambia huku ni njia ni kitu gani?"

"Weusi. Anauona weusi kwa tumbo."

"Basi weusi ni wa tumbo lake. Mimi nyayo zangu hazijui weusi." Akasugua kisigino chake sakafuni, taratibu. "Udongo wa mama yako bado mbichi?"

"Ni mbichi. Umeukanyaga, una alama zako."

"Niongoze chini."

Nikamshika, tukarudi mlango wa nyuma, akapiga magoti pale, mwanamke mzima yule, akaweka viganja vyote viwili kwenye sakafu ya mama. Akausukuma udongo kutoka kulia na kushoto, ukainuka katikati kama tuta dogo la maharage, unene wa kidole gumba. Akalisawazisha kwa ncha za vidole. Akasogea, akaendelea. Vidole vyake vilikwenda haraka. Zamani, alisema, wasichana walipamba sakafu za wakwe kwa vidole, mistari na mawimbi, na mwenye mkono mzuri alisifiwa kijiji kizima. "Nikanyagie," akaniagiza. Nikakanyaga pembeni, nikahisi tuta likinigusa unyayo, laini na baridi. "Unalisikia?" Nalisikia! "Hapo ndipo penye ngazi?" Hapohapo. Akafinya udongo akaweka vinundu viwili vilivyopakana. "Vinundu ni simama. Kile chekundu chako."

Mama akaingia na kutukuta hivyo. Sakafu yake aliyoihangaikia tangu asubuhi, sakafu ya mgeni, imepandwa tuta katikati kama shamba, na mama mkwe wake ametapakaa udongo mpaka viwikoni. Nilimwona akifungua mdomo. Lakini mkwe ni mkwe. Kwetu huwezi kumpandishia sauti mama mzaa mume wako hata angekuwa anabomoa ukuta. Akaufunga mdomo. Akatutazama kwa muda mrefu, Bibi akipapasa akielekea chumbani, mimi namwambia kushoto, kulia. Kisha akatoka. Nikadhani amekwenda kulia kwa hasira. Akarudi na beseni la udongo.

"Hapo kwenye kona pamekuwa pembamba, mama," akasema kwa upole. "Ongeza."

Jumapili Baba Mkubwa alifika baada ya misa, na pikapu ya jirani yake iliyokuwa imebeba magunia na ilipaswa kurudi Kaengesa alasiri hiyohiyo. Mfuko wa Bibi ulikuwa umefungwa tayari mlangoni, na blanketi lake juu yake. Baba Mkubwa alikuwa mtu mpana, mpole, mkulima, mwenye koti moja la kanisani lililomkaba kwapani. Alipoketi tu mama akaniambia kwa macho: kaa hapa, usisogee, usivume. Kisha akaita, "Mama, wageni wamefika."

Tukasikia mguu ukisuguliwa sakafuni chumbani, na mwingine. Bibi akatokea mlangoni peke yake. Hakushika ukuta. Kanga mpya, uso juu, unyayo wa kulia ukiteleza juu ya lile tuta kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. Baba Mkubwa akashtuka, akainuka ili akamshike, lakini adabu ikamtangulia: huwezi kumpokea mama yako umesimama. Akachuchumaa upesi, akaanza kupiga makofi ya salamu. Tatizo ni kwamba alichuchumaa juu ya mstari.

Mguu wa Bibi ukagonga goti lake. Bibi akasimama, akashusha mkono, ukatua kwenye kipara.

"Nani ameacha gunia njiani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sogea basi, nakwenda jikoni kuangalia maharage yako."

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Baba Mkubwa akasogea huku bado amechuchumaa, kama bata, naye Bibi akampita, akaenda, akakutana na vinundu, akasimama, akashuka ngazi. Tukasikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa.

Baba Mkubwa akavua viatu, akavua soksi. Akafumba macho. Akaweka unyayo wake juu ya tuta na kuanza kwenda, mikono ameitanua mbele, mtu mzima na koti lake la kanisani, nami nikamfuata nyuma nikiwa nimeuma midomo. Alikwenda vizuri. Alikwenda vizuri mpaka akanogewa, akaongeza mwendo, vinundu akavipita juu kwa juu. Aliangukia uani kwa makalio, kuku wakatawanyika.

"Uliambiwa simama," sauti ya Bibi ikatoka jikoni. "Tangu mdogo wewe huambiliki."

Baba Mkubwa alibaki pale chini. Nikaona anacheka, kisha nikaona hacheki, anafuta macho kwa mkono wenye vumbi. Mimi nilidhani ameumia makalio. Leo najua alikuwa ameingia gizani alimoishi mama yake na kutoka tena, na huko ndani alikuwa amesikia kitu. Dereva wa pikapu akapiga honi. Baba Mkubwa akaingia ndani, akauchukua ule mfuko mlangoni. Akaupeleka chumbani, akauweka juu ya kitanda.

"Tujaribu," akamwambia mama. "Tujaribu mpaka ulezi uvunwe. Lakini shemeji, siku ukirudi ukamkuta ameanguka tena, hutanipigia simu mimi. Nitakuwa nimeshafika kumchukua."

"Sawa, shemeji."

Jumatatu shuleni sikukaa kwenye dawati, nilikaa sebuleni kwetu. Kila kengele ilipolia nilikuwa naye: sasa anaamka, sasa anakanyaga tuta, sasa vinundu. Nilitoka mbio, nikakutana na mama njiani akirudi mapema kuliko kawaida, beseni la dagaa kichwani, anatembea ule mwendo wa haraka ambao si kukimbia. Tukaingia pamoja.

Chumbani hakuwepo. Mama akaita, "Mama?" Tukafuata tuta hadi jikoni. Kigoda kitupu, moto umefunikwa majivu vizuri. Mama akatua beseni kwa pupa, dagaa zikamwagika. "Mungu wangu. Nimwambie nini shemeji?"

Ndipo nilipoona gunzi.

Lilikuwa limelazwa chini nje ya mlango wa jikoni. Mbele yake lingine, limegusana nalo kichwa kwa mkia. Mbele yake lingine. Gunia la magunzi tuliloweka kwa ajili ya kuwashia moto lilikuwa limelala ubavu, limepungua nusu, na kutoka hapo magunzi yalikuwa yamepangwa mstari mmoja kuvuka ua, yanayumba kidogo huku na huku, yanazunguka rundo la kuni, yanafika kwenye mfereji, ambako palikuwa na ubao wa kuvukia, na magunzi yanaendelea juu ya ubao na kuelekea kwa kina Atu. Na kutoka huko, kabla hatujafika, tukasikia kicheko cha Mama Atu, kile cha kuamsha kuku, na ndani yake kingine, kizee, kinachotikisa mabega.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Mama Atu na kikombe cha chai ya maziwa. Magoti ya kanga yake yalikuwa na udongo.

"Mmechelewa," akasema aliposikia miguu yetu. "Chai imekwisha."

Mama akakaa chini palepale kwenye nyasi. Alijaribu kugomba, hakuweza. "Mama, nani amekupangia haya magunzi?"

"Nani? Nilianza asubuhi. Kwa magoti. Jikoni nimekujua tangu mume wako hajazaliwa, nifanye nini huko kutwa nzima? Huyu mwanamke kila siku namsikia anacheka. Nikasema leo nikajue anacheka nini."

Mimi nilikuwa nimegeuka natazama ule mstari, nikiupitia kwa macho kutoka mwisho hadi mwanzo, na nikaona kitu ambacho sikukielewa. Katikati ya ua, mahali peupe pasipo na shimo, wala jiwe, wala ngazi, magunzi matano yalikuwa yamekusanywa pamoja kama vifaranga na mama yao. Ilikuwa kama vinundu vyetu vya simama, lakini kwenye roboti ya Atu hakukuwa na simama ya mahali patupu. Wala sisi wawili hatukuwa tumeitengeneza.

"Bibi, pale katikati umeweka simama. Pana nini?"

"Pale?" Akageuza uso wake upande ule, moja kwa moja, kana kwamba anapaona. "Pale pana jua."

Nikarudi mbio nikasimama pale. Kweli lilikuwepo.